Volti za Alfajiri

Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, kioo cha kontrola kinaonyesha 14.1. Mgeni akiiona namba hiyo anafurahi: betri ya volti 12 imefika 14, wasiwasi wa nini? Fundi anayekitunza kituo hiki hasemi kitu. Anaitupia jicho, anaendelea kukaza skrubu za kishikio cha paneli. Kwake namba ya saa saba haijawa habari bado. Habari ataisoma kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijaigusa paneli. Ikiwa 12.6, atakunywa chai yake bila haraka. Ikiwa 11.9, ataanza kutafuta kosa, hata kama watu wa bondeni bado wanatumiana picha na mtandao haujasita hata mara moja.

Kituo chenyewe hakina makuu. Kipo juu ya kilima kimojawapo cha Usambara, upande wa Lushoto, mahali ambapo umeme wa gridi haujapanda. Kuna paneli moja ya wati 100, betri kavu ya ampea-saa 100, kontrola ya buluu inayoenea kiganjani, na juu ya nguzo rauta yenye redio mbili: moja inapokea mtandao kutoka mjini, nyingine inaumwaga bondeni, shuleni na kwenye zahanati. Betri na kontrola vimefungiwa ndani ya kibanda cha mlinzi, kwa sababu anayoijua kila mtu aliyewahi kuacha betri nje usiku. Kutoka kibandani hadi kileleni mwa nguzo ni mita 15 za waya wa mtandao, na waya huohuo ndio unaobeba umeme.

Hesabu yake haina siri. Vifaa vya juu vinakula wati 10 hivi, mchana na usiku. Kwa saa 24 ni wati-saa 240, yaani ampea-saa 20 katika mfumo wa volti 12. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu kama unataka ikae miaka, kwa hiyo katika 100 zilizoandikwa ubavuni mwake zako ni 50: siku mbili na nusu bila jua. Paneli ya wati 100, ikipata saa nne au tano za jua lililoshiba, ukiondoa yanayopotelea kwenye joto, waya na kontrola, inaleta kati ya wati-saa 280 na 350. Inatosha, ila haina ziada ya kuchezea. Mtu mwenye fedha angeweka paneli tatu na betri nne, asiangalie kioo tena mpaka mwakani. Hapa kioo kinaangaliwa kila siku, na ufundi wenyewe umezaliwa na uhaba huo.

Kijana anayejifunza kazi kwake aliwahi kusoma kwa sauti mbele yangu.

“Fundi, imejaa. Kumi na nne pointi moja.”

“Imejaa au inajazwa?”

Kijana akanyamaza. Swali lilikuwa fupi lakini ndani yake kulikuwa na nusu ya kazi nzima. Betri inapopokea chaji, volti zake hupanda juu ya hali yake halisi kwa sababu paneli inaisukuma. Maziwa yakichemka hufika ukingoni mwa sufuria, na hakuna aliyeongeza hata tone. Ukitaka kujua kiasi chake, subiri yatulie. Namba ya mchana ni ya maziwa jikoni. Hata jioni, jua likishazama tu, volti bado zina uchangamfu wa uongo kwa saa kadhaa. Alfajiri ndipo pamepoa: paneli haileti chochote, mzigo ni uleule mdogo tangu usiku, na betri iko mwisho wa safari yake ya chini kabla ya kuanza kupanda. Kwa betri ya risasi iliyotulia, 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu au karibu yake, na chini ya 12 unakula mtaji. Usiku mmoja wa kituo hiki unakula ampea-saa 10 kati ya 100, hivyo betri nzima iliyojaa jioni inaamka na 12.6 au pua na mdomo hapo.

Ndiyo maana fundi ana daftari. Ni la shule, lenye mistari, na limechorwa safu tatu kwa kalamu: tarehe, volti za alfajiri, na neno moja la hali ya hewa ya jana. Jua. Ukungu. Manyunyu. Mvua. Nililipekua kurasa nyingi nikakuta hakuna sentensi hata moja, na bado lilisomeka. Masika ya Machi hadi Mei yanaonekana kwa namba zinazoyumba: 12.5, 12.3, 12.1, kisha siku moja ya jua na namba inaruka. Lakini chini kabisa haziko Aprili. Ziko Juni na Julai, majira ambayo hakuna mvua ya kutisha, kuna ukungu tu unaolala mlimani hadi adhuhuri. Mvua kubwa ya Aprili inanyesha ikamaliza, kisha mawingu yanafunguka na jua linatoka limeoshwa. Ukungu wa Julai haunyeshi na hauondoki. Watu wa Limuru na Nyeri, ambao Julai yao nayo ni ya kijivu, watanielewa bila maelezo.

Sasa ugumu unaanza, kwa kuwa namba ya alfajiri ikishuka haisemi kwa nini imeshuka. Tuseme ni Februari, kaskazi inavuma, anga ni jeupe siku nzima, na daftari linaonyesha 12.6, 12.6, 12.5, 12.4, 12.3. Jua lipo. Umeme unaenda wapi? Hapa ndipo fundi anapoirudia ile namba ya mchana aliyokuwa akiidharau, ila anaiuliza swali jingine. Haulizi ni ngapi. Anauliza imefika saa ngapi. Kontrola hupandisha volti mpaka 14.4 hivi, huzishikilia hapo kwa muda, kisha huzishusha hadi 13.7 za kutunza chaji. Ikiwa hadi saa tisa alasiri kioo hakijaifikia 14.4, betri haishibi: paneli ina vumbi, au tawi la mti limeanza kuitia kivuli, au kuna waya uliolegea. Ikiwa inafika mapema mno, tuseme saa nne asubuhi, mgeni atashangilia tena, na fundi ndipo atakapokunja uso. Betri inayojaa upesi hivyo ni ile ambayo tumbo limeshasinyaa. Inashiba kwa kidogo na kuishiwa kwa kidogo, na hiyo 12.3 ya alfajiri si njaa ya siku moja, ni uzee. Kusafisha paneli hakutasaidia. Ni wakati wa kuanza kuchanga fedha ya betri nyingine.

Sijui ufundi mwingine ambapo dalili nzuri na dalili mbaya zinavaa nguo moja kiasi hicho. 14.4 ya saa nane na 14.4 ya saa nne zimeandikwa kwa tarakimu zilezile, kwenye kioo kilekile, na mojawapo ni taarifa ya msiba.

Kontrola yenyewe inastahili maneno machache, maana ni chombo ambacho watu wengi wanacho na wachache wamekifungua menyu yake. Ni zile za buluu zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, zenye kioo kidogo kinachochora paneli, betri na taa, na mishale katikati. Mchoro wa betri una vipande vinavyojaa na kupungua, na fundi huuziba kwa kidole gumba anapofundisha, kwa sababu vipande hivyo vinafuata volti za wakati huohuo na vinajazana mchana kwa uongo uleule niliokwisha kuueleza. Ukibonyeza kitufe cha menyu unapita kurasa zake moja moja: 13.7 ya kutunza chaji, 12.6 ya kurudisha mzigo, 10.7 ya kukata mzigo, kisha 24H. Zinatoka kiwandani hivyo na nyingi zinazeeka hivyo.

Hiyo 10.7 ndiyo inayomkera. Betri ya risasi ikifika hapo kwa mzigo mdogo kama huu, imekwisha kabisa. Kontrola inakuwa inaikata maiti. Yeye hupandisha hadi 11.6. Maana yake mtandao utazimika mapema zaidi siku mbaya, na watu watalalamika mapema zaidi, lakini betri itaamka. Watu wa bondeni hawajawahi kumshukuru kwa hilo na hawawezi, kwa kuwa faida yake ni betri ambayo haikufa mwaka juzi.

Na 12.6 ya kurudisha mzigo inaeleza jambo ambalo shuleni waliwahi kulizusha kuwa kuna mtu anawafungia makusudi. Mtandao ukikatwa usiku kwa sababu ya 11.6, jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu haurudi. Unarudi saa tatu, au saa nne, siku ya ukungu hata saa sita. Kontrola inasubiri volti zipande mpaka 12.6 ndipo iufungulie mzigo. Isingesubiri, rauta ingewaka kwa mwanga wa kwanza, ikaivuta betri chini ya mstari, ikazimika, ikawaka tena, asubuhi nzima ikicheza hivyo. Mwanya huo kati ya namba mbili umewekwa kwa busara. Kwa anayejua kusoma, saa ambayo mtandao umerudi ni kipimo kingine cha betri, na hakihitaji hata kupanda mlima: muuguzi wa zahanati anampigia simu, “Fundi, leo umerudi saa nne kasoro,” naye anaandika.

Ile 24H ina kisa chake. Kituo kingine cha bonde la pili kiliacha kufanya kazi mchana. Jioni tu, kuanzia giza linapoingia, mtandao unawaka, kisha muda mfupi baada ya usiku wa manane unazimika. Vijana walikwishabadilisha rauta na waya, na walikuwa wanajiandaa kubadilisha betri. Fundi alifika mchana, akatazama kioo: 13.7, mshale kutoka kwenye paneli unacheza, mshale wa kwenda kwenye taa haupo. Betri imeshiba na mzigo umekatwa; hayo mawili hayakai pamoja isipokuwa kontrola imeambiwa. Akabonyeza menyu mara nne. Badala ya 24H palikuwa na 6H. Kontrola hizi zimetengenezwa pia kwa ajili ya taa za barabarani, na 6H maana yake ni kuwasha jua likizama na kuzima baada ya saa sita. Mtu, au mtoto wa mtu, alikuwa amebonyeza kwa udadisi. Nilichopenda ni kwamba kabla ya kugusa kitufe alikaa chini na kuwauliza wenyeji mtandao unazimika saa ngapi hasa, na waliposema “saa saba kasorobo hivi” akacheka peke yake.

Kupanda juu ya nguzo ni sura nyingine. Redio za aina hii huwa na taa ndogo mgongoni zinazoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Kwenye NanoStation M ya Ubiquiti, kwa mfano, ziko nne, na zimepangwa kiwandani ziwake kwa −94, −80, −73 na −65: nyekundu kwanza, kisha ya chungwa, kisha za kijani mbili. Namba ni za hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nguvu mara mbili, kila 10 ni mara kumi. Kwa hiyo kati ya taa ya mwisho na ya tatu, umbali wa desibeli 8 tu, nguvu imepungua zaidi ya mara sita, na mtumiaji anaweza asihisi lolote. Fundi hapandi kila mara kuzitazama. Hupiga picha kwa simu kutoka chini, huku ameikuza, halafu hukaa kivulini na kuihesabu.

Anachotafuta huko ni mwendo wa miezi. Taa ikizimika ghafla usiku wa upepo, antena imegeuka. Taa zikipungua mojamoja kutoka msimu hadi msimu, anaangalia upande wa pili wa bonde, kwenye mikaratusi. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kati ya antena na antena. Yanataka nafasi pembeni. Kwa kilomita 10 na masafa ya gigahezi 5.8, katikati ya njia nafasi hiyo ina nusu-kipenyo cha mita 11 hivi, na angalau asilimia 60 ya hizo inatakiwa iwe wazi. Mkaratusi mchanga hauna habari na hesabu hiyo. Unapanda mita kadhaa kwa mwaka, na siku unapoingia kwenye nafasi ile jicho lako bado linaona antena ya pili vizuri kabisa, hakuna kilichoziba. Ni taa iliyozimika peke yake inayokwambia kwamba mti umefika.

Halafu kuna kumbukumbu za ndani, ambazo kijana amezizoea kuliko mwalimu wake kwa sababu zinasomwa kwa simu. Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika zinasahau tarehe, na baadhi ya zile za MikroTik, zikiwaka, huanza kuhesabu tangu Januari 1970 mpaka zipate mtandao wa kuwaambia leo ni lini. Ukifungua kumbukumbu ukakuta mistari ya mwaka 1970 katikati ya mistari ya juzi, usiku ule umeme ulikatika na ukarudi, hata kama wote walikuwa wamelala. Kijana anatafuta 1970 kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Pia alijifunza, baada ya kuhangaika, kuongeza saa tatu: rauta ilikuwa imeachwa kwenye saa ya dunia, hivyo kosa lililoandikwa 01:40 lilitokea saa kumi na dakika arobaini za usiku kwetu, saa ambayo betri iliyochoka huanguka. Likiandikwa 01:40 unaweza kudhani ni panya.

Nje ya milima hii wako wengine waliofikiri juu ya nani anafaa kuiona namba ya betri. Low-tech Magazine, jarida la Kris De Decker, tangu Septemba 2018 limekuwa na tovuti inayoendeshwa na jua kutoka Barcelona: kompyuta ndogo inayokula wati 1 hadi 2.5, na paneli iliyoanza ikiwa ya wati 50. Mbingu zikifunga siku nyingi, tovuti inazimika, basi. Lakini jambo la kupendeza ni kwamba kiasi cha betri kimepakwa rangi nyuma ya maandishi yenyewe. Msomaji anasoma makala huku rangi ikimwonyesha umeme uliobaki, apende asipende. Na kule Mankosi, Eastern Cape nchini Afrika Kusini, ushirika wa Zenzeleni, uliosajiliwa 2014 baada ya kuanza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, uliweka vituo vya sola katika nyumba za wanakijiji, na vituo hivyo vilichaji pia simu za watu kwa malipo. Simu moja zaidi jioni ni kipande cha mtandao wa usiku. Hapo namba ya kioo inaacha kuwa ya fundi peke yake, inakuwa ya mwenye nyumba na ya anayeleta simu. Nilimweleza fundi wetu habari ya tovuti ya Barcelona. Aliisikiliza yote, kisha akauliza kama ile rangi inaonyesha ya mchana au ya alfajiri.

Nisingependa msomaji adhani ujuzi huu umefika mwisho wake. Betri za lithiamu za fosfeti zimeanza kupanda mlimani, na zimemtia fundi adabu. Betri hizo zina seli nne, na zikitulia hukaa karibu na 13.2 wakati zikiwa karibu zimejaa, zikiwa nusu, na hata zikiwa zimebakiwa na theluthi. Kisha zinaporomoka ghafla. Volti za alfajiri, zile alizozitegemea maisha yake yote tangu alipokuwa akitengeneza redio, kwa lithiamu karibu hazisemi kitu. Alipopewa ya kwanza aliandika 13.2 kila siku kwa majuma, akaona daftari limekuwa bubu, akalifunga. Ilibidi waweke kipimo kinachohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka. Kipimo hicho nacho kina kasoro yake: kinakosea kidogo kila siku na makosa yanarundikana, mpaka betri ijae kabisa siku moja ndipo hesabu irudishwe mwanzo. Kwa hiyo sasa anachoandika ni siku ngapi zimepita tangu ilipojaa mara ya mwisho. Juni na Julai namba hiyo inakua, na kadiri inavyokua ndivyo anavyokiamini kipimo kidogo zaidi. Kijana alidhani lithiamu imekuja kuwapumzisha. Imewabadilishia swali tu, na nadhani fundi, moyoni, amefurahi.

Kwenye kituo cha kwanza, chenye betri ya risasi, kijana aliamua kumpunguzia mzee kupanda. Rauta nyingi za MikroTik hupokea umeme wowote kati ya volti 8 na 30, na baadhi zinapima volti zinazozifikia. Akaandika maelekezo: volti zikishuka hadi 12.1, rauta itume ujumbe. Namba ilikuwa ya fundi mwenyewe, 12.1 ndiyo anapotaka kuamshwa, mapema vya kutosha kabla ya 11.6, maana ujumbe wa kwamba umeme unakwisha unahitaji umeme ili utoke. Usiku wa kwanza simu ililia mfululizo. Fundi alikwenda kibandani akiwa na tochi akakuta kioo kinasema 12.6, kitu kizima. Juu rauta ilisema 11.5.

Hakuna aliyedanganya. Nyuzi za waya wa mtandao ni nyembamba, na hata zikienda mbilimbili, mita 15 za kwenda na 15 za kurudi zinakula karibu volti 1 kwa mzigo huu. Rauta inapima kilichofika, kontrola inapima kilichotoka. Kijana akabadilisha 12.1 ikawa 11.1, simu ikanyamaza, na daftari likaongezwa safu ya nne: volti za juu, kando ya volti za chini.

Safu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kulinganisha tu. Ilikaa miezi ikiwa na tofauti ya 1.0 au 1.1, mtu hana haja ya kuitazama. Baada ya masika ikawa 1.2, kisha 1.4, na volti za kibandani zilikuwa hazijabadilika. Fundi alilala na daftari mkononi usiku ule, asubuhi akamtuma kijana juu ya nguzo na koleo. Kichwa cha waya kilikuwa kimeingia maji, pini mbili zimeota kutu ya kijani, na rauta ilikuwa ikiendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lolote. Walikata kipande cha waya, wakabana kichwa kipya, wakafunga mpira kukizunguka. Tofauti ikarudi 1.0.